Pasipoti ya Masika Resty

Dar es Salaam, Jumatano, 7 Agosti 2013

Shikamoo, mjomba Tefiro,

Nimefika Dar es Salaam, miguu imevimba kwa kukaa ndani ya basi, lakini mwili mwingine wote uko sawa. Najua ukiona bahasha utasema mtoto huyu anatumia stempu wakati simu ipo. Lakini simu kwako ni kelele tu, kama bata wa jirani. Honi za injini zilizokuharibia masikio ndizo zimetufanya tuwe watu wa barua, na mimi sijuti.

Mto Nyamwamba umetulia tangu mafuriko? Mmesharudisha mbao za daraja la miguu? Mashine yangu ya kushonea nimeiacha Bwera kwa fundi mwenzangu Anastasie, na nimemwambia asimwazime mtu sindano. Ukipita huko mkumbushe.

Sasa jambo lenyewe. Treni ya Zambia inaondoka keshokutwa Ijumaa, na tiketi ninayo. Tulipovuka mpaka wa Mutukula afisa alifungua pasipoti ya Resty, akagonga muhuri bila kuinua macho, nikapita. Kwa hiyo kwenye mpaka wa kwanza maneno yako yametimia. Nayarudia ili uone sijayasahau. Jina: Masika Resty. Kuzaliwa: Kasese, 4 Machi 1985. Kazi: muuguzi. Binti yako ni Masika kwa kuwa ni binti yako wa kwanza, na mimi ni Masika kwa kuwa ni binti wa kwanza wa dada yako Edisa, basi mtu akiita Masika nikaitika, sijadanganya. Ndivyo ulivyosema. Ukasema tena kwamba kwa miaka ishirini na miwili uliyokagua tiketi stesheni ya Kasese hukumwuliza abiria jina hata siku moja, kwa sababu tiketi ni ya anayeishika.

Nami nimekulia hayohayo. Siku za soko pale Mpondwe, mpakani na Kongo, kikaratasi kimoja cha kuvukia kinatumiwa na nyumba nzima: mama akirudi anampa dada, dada akirudi anampa wifi. Lakini kikaratasi hakina picha, mjomba. Resty ana mwanya na mimi sina. Namshukuru Mungu kwamba kwenye picha amefunga mdomo.

Hujaniambia Resty alisema nini ulipomwomba pasipoti. Najua Januari anakwenda Moshi kusoma miezi sita na ataihitaji. Mwambie nitairudisha kwa rejista mara nikifika, mwisho kabisa Oktoba. Nisingeichukua kama Bright asingeandika vile. Miaka miwili mume wangu yuko Kitwe kwenye migodi ya shaba, amepata nyumba ya vyumba viwili, na anasema mwaka huu ukiisha hajaniona ataacha kazi arudi. Akirudi, arudi Kilembe kufanya nini? Mgodi wa huko unaujua ulivyolala.

Shajara bado naandika kwenye daftari la stesheni ulilonipa nilipofika kwako kutoka Butembo, Kongo, nikiwa na miaka kumi na miwili. Safu zake ni zilezile: Kufika, Kuondoka, Kuchelewa, Sababu. Hadi leo, Kuchelewa ni saa tatu tu.

Mpwa wako,
Benedicte


Nyamwamba, Kasese, 20 Agosti 2013

Kwa Masika Benedicte, mke wa Bright, Kitwe

Mpwa wangu,

Naandika kwa anwani ya mumeo kwa kuwa kwa hesabu yangu mmeshaonana, mmeshalia, na sasa mnagombana juu ya mahali pa kuweka kitanda. Mpe Bright salamu. Mwambie mlima uko palepale alipouacha.

Mbao za daraja zimerudi, lakini mbili zinacheza, na kila anayepita anamlaumu aliyepita kabla yake. Kahawa ya marehemu mama Resty imezaa vizuri upande wa juu. Kwenye reli majani yamefika kiunoni, na mtu, simtaji, anafunga mbuzi wake kwenye nguzo ya ishara. Nilimwambia nguzo hiyo ni mali ya reli. Akaniuliza, "Mzee Tefiro, treni ikija utaniita?"

Niandikie habari za treni, usiniandikie "ilikuwa nzuri" kama mtalii. Mabehewa mangapi? Injini moja au mbili kwenye mlima? Nasikia reli ile ni pana kuliko yetu kwa vidole vinne. Pima, unayo futi ya ufundi. Na maafisa wa mpakani walipopanda walianzia mbele au nyuma? Sisi tulianzia nyuma, kwa sababu asiye na tiketi hukimbilia mbele.

Resty ni mzima, kliniki imempa zamu nyingi. Anakusalimu. Kwa lile uliloniuliza usiwe na wasiwasi, mambo ya nyumba yangu nayajua.

Kuna jambo dogo linanichekesha. Kila asubuhi nakuta ufunguo wa sanduku langu mezani, karibu na kikombe cha chai. Nautundika ukutani, kesho yake uko mezani tena. Labda ni uzee.

Mjomba wako,
Tefiro


Tunduma, Jumapili, 25 Agosti 2013

Shikamoo, mjomba,

Ndiyo, Tunduma, sio Kitwe. Soma polepole na usimwite mtu akusaidie kusoma.

Mimi ni mzima. Nalala kwa mama mmoja anayepika karibu na stesheni. Namshonea mapazia, naye ananilisha. Asubuhi ni baridi kama Kilembe, na watu wanatembea wamejifunika mablanketi hadi saa tatu. Nilimwandikia Bright. Amejibu mistari minne.

Nakunakilia shajara ya Jumamosi tarehe 10, kwa kuwa siku ile niliandika vizuri kuliko ninavyoweza leo.

"Jana stesheni ya Dar mizigo yote ilikaguliwa mezani. Mbwa wa polisi alinusa begi langu akaketi, hataki kuondoka. Askari: 'Dada, fungua.' Nikatoa samaki wakavu wa Kahendero. Akamvuta mbwa: 'Twende, wewe una njaa, huna kazi.' Mstari mzima ukacheka, nami nikacheka, nikafunga begi haraka.

"Leo saa kumi alasiri, Tunduma. Maafisa wamepanda kutoka nyuma. Chumba chetu ni cha wanawake sita. Aliyekuja kwetu ni mwanamke wa makamo, jina kifuani Tusekile. Anasalimia kwanza. Anapokea hati kwa mikono miwili, anaisoma ukurasa kwa ukurasa hadi wa mwisho, hata kurasa tupu, anamtazama mtu, anagonga, anarudisha. Kwa mwenye suti haharakishi, na mwenye kanga hamkawizi. Mama mmoja wa Mbeya mwenye ndoo za maparachichi akamwambia, 'Mwanangu, unasoma kama unatafuta mchumba humo.' Akajibu bila kuinua kichwa, 'Nikimpata nitakualika, mama.'

"Akafika kwangu. Tarehe ya kuzaliwa nilikuwa nayo mdomoni. Hakuiuliza. Alisema, 'Wewe ni muuguzi.'

"'Ndiyo, afande.'

"'Afande yuko kambini. Njoo haraka, chumba cha tatu kuna mtoto ana degedege.'

"Mama yake alinipa mtoto kabla sijasema neno. Watu wakapisha: nesi huyo, nesi amefika. Alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni, macho yamegeuka juu. Resty angejua la kufanya. Mimi nilisimama nimembeba, na kila nilivyokawia ndivyo nilivyomzuia mtu mwingine asisaidie. Nikasema, 'Mimi si muuguzi. Mimi ni fundi cherehani. Pasipoti ni ya dada yangu.'

"Hakunipigia kelele. Alimchukua mtoto, akamlaza ubavu, akamvua mashuka, akamwambia mwenzake, 'Zahanati, mbio, mlete mganga.' Mganga alikuja, mtoto akapelekwa na mama yake. Kisha Tusekile akarudi chumbani kwetu. Kumbe alikuwa ameacha kalamu juu ya kiti cha abiria anayenifuata, kama alama. Akaiokota, akaendelea palepale alipoachia, akamaliza behewa zima. Mimi nilikaa na begi magotini. Hakuna aliyenilinda, wala sikukimbia.

"Alipomaliza aliketi mbele yangu, akafungua ukurasa wa mwisho wa pasipoti, akapiga simu mahali, akaongea kidogo, akakata. Akaniambia hivi: 'Mbele ni Nakonde, Zambia. Nikikugongea muhuri wa kutoka, nimeandika kwamba Masika Resty ametoka Tanzania. Hajatoka, yuko kwao. Mimi siwezi kumwandikia mtu safari ambayo hakusafiri.'

"Nikashuka. Treni iliondoka saa kumi na mbili kasoro robo."

Shajara inaishia hapo. Mtoto yule alipona, Jumatatu nilimwona zahanati ananyonya. Mkuu wa ofisi aliandika maelezo yangu, nikatia sahihi kwa jina langu. Alisema sitapelekwa mahakamani mwenye hati akileta barua ya kueleza, na pasipoti itarudishwa kwake kupitia ofisi zao na za Kampala. Mpaka hapo naripoti kila Jumatatu saa mbili.

Usimkasirikie huyo Tusekile, mjomba. Nimeona wakaguzi wengi Mpondwe, wanaopiga kelele na wanaolala. Sijamwona anayefanya kazi kwa heshima namna ile. Jumatatu ya kwanza aliniuliza, "Umekula?" kabla ya kuniuliza jina.

Mabehewa yalikuwa kumi na manne. Najua utauliza na upana wa reli: sikupima, nisamehe.

Benedicte


Nyamwamba, Kasese, 22 Septemba 2013

Mpwa wangu Benedicte,

Barua yako nimeisoma mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama. Kwanza pole. Anastasie anasema mashine yako haijaguswa. Kahawa tumeanza kuchuma.

Huyo mwanamke alikuwa na haja gani ya kusoma kazi ya mtu? Mimi nimekagua maelfu. Tiketi ni nzima, sio nzima, basi. Ungesema tu mtoto apelekwe hospitali, hata mwenye shahada ya uuguzi husema hivyo, na ungefika Kitwe. Niliandika hivyo kwenye karatasi nyingine, nikaichana. Ulifanya vizuri kumrudisha mtoto.

Nakubali jambo moja. Kuweka kalamu mahali alipoachia, kwenda kuokoa mtu, na kurudi palepale. Kwenye reli nilifanya kazi na watu wawili tu ambao wangeweza hivyo, na mmoja alikuwa mlevi.

Barua ya Resty kwa ofisi yao itakuja. Kwa sasa ana kazi nyingi, sitaki kumsumbua na mambo ya karatasi. Anakusalimu sana. Siku hizi chai ananiwekea bila kusema kitu, nadhani ni uchovu wa zamu. Na ule ufunguo, bado.

Sala zangu ziko nawe.

Tefiro


Tunduma, Jumapili, 13 Oktoba 2013

Shikamoo, mjomba,

Mapazia yameisha, sasa nashona sare za shule. Mama mwenye nyumba anaitwa na watu wote Mama Ubwabwa, na ananiita "Mganda wangu" mbele ya wateja. Nikimwambia mimi ni Mkonzo wa Bwera niliyezaliwa Butembo, anasema, "Basi Mganda wangu wa mbali." Bright ameandika tena, safari hii kurasa mbili. Atangoja hadi Pasaka. Baada ya Pasaka hangoji.

Barua ya kwanza uliyopeleka Kitwe amenitumia. Nimezisoma zote mbili pamoja, na mara tatu nimekuta maneno "anakusalimu" au "usiwe na wasiwasi". Mjomba, nilikuficha kitu, kwa sababu nilitaka ukiseme wewe. Sasa nakisema mimi.

Siku ile kwenye treni, kabla ya kupiga simu, Tusekile aliniuliza, "Mwenye hati anajua?" Nikasema anajua. Nilikuwa naamini hivyo. Kwenye ukurasa wa mwisho wewe mwenyewe umeandika namba mbili kwa ule mwandiko wako wa stesheni, yako na ya Resty. Yako iliita tu. Akapiga ya pili, akaweka sauti ya nje.

"Masika Resty anaongea."

"Dada, hati yako ya kusafiria iko wapi saa hii?"

"Iko kwa baba, sandukuni. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni afisa wa uhamiaji, Tunduma. Ninayo mkononi. Amekuja nayo mwanamke, anasema anaitwa Benedicte."

Nilidhani atakata, au atanitukana mbele ya wale wanawake watano, na angekuwa na haki. Kisha akauliza, "Ni mzima?"

"Ni mzima."

"Basi sikiliza, dada. Sikumpa, na sitasema nilimpa. Pasipoti ni yangu na naihitaji Januari. Lakini huyo mtu naye ni wetu. Msimtupe."

Hayo tu. Yule mama wa maparachichi alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Tusekile aliandika maneno yale yote kwenye daftari lake, neno kwa neno, akanisomea, akaniuliza kama ameandika sawa.

Kwa hiyo tangu tarehe 10 Agosti Resty anajua, na anajua kwamba mimi najua. Asiyejua kitu nyumbani kwako ni wewe tu, mjomba, na nimechoka kukuacha peke yako. Barua inayongojwa hapa ataandika mara ukimwomba, lakini umwombe wewe. Mimi nimeshamwomba msamaha kwa karatasi yangu. Sijakutetea wala kukushtaki. Siku zinakwenda, na Januari ni yake.

Nakupenda, nawe unajua. Mwanafunzi wako wa daftari,

Benedicte


Nyamwamba, Kasese, 17 Novemba 2013

Mpwa wangu,

Barua hii haina habari za daraja.

Yako ilifika Ijumaa tarehe 1. Niliiweka mfukoni siku mbili. Jumapili baada ya ibada nilichukua ufunguo pale mezani, nikafungua sanduku mbele ya Resty, nikamwonyesha mahali palipokuwa pasipoti yake. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeitoa. Sikukuomba kwa sababu nilijua utakataa, na nikamwambia Benedicte umekubali kwa sababu nilijua naye angekataa."

Akaketi. Akasema, "Baba, nimengoja miezi mitatu. Ule ufunguo ulikuwa unakuuliza kila asubuhi."

"Kwa nini hukuniuliza kwa mdomo?"

"Kwa mdomo ningelazimika kupiga kelele usikie, na majirani wangesikia."

Tulicheka, kisha mimi sikucheka tena.

Aliandika barua ya Tunduma usiku huohuo, utakuwa umeshaipata. Juma lililopita tulikwenda Kampala pamoja. Pasipoti ilikuwa imefika, imefungwa kwa lakiri, pamoja na maelezo ya afisa wako, kurasa mbili, kila kitu na saa yake. Nimesoma ripoti nyingi za reli, za ajali na za mizigo iliyopotea. Sijasoma iliyo safi kama ile. Hakuna neno baya juu yako. Ameandika: "Alikiri mwenyewe, kwa ajili ya mtoto." Kijana wa Kampala alinipa karatasi nieleze kwa maandishi hati ilitokaje sandukuni. Nilipomaliza aliniuliza, "Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani?" Nikasema mkaguzi wa tiketi. Akainuka, akanipa kiti.

Nimefikiri hivi njiani. Tiketi inakwisha safari ikiisha, tunaichana, haijali aliyeishika. Kitabu kile kinamkumbuka mtu mmoja tu. Nilimpa mtu mwingine kumbukumbu ya binti yangu aende kuiandika. Nimekaa kituoni miaka ishirini na miwili na hilo sikulijua, kwa sababu kwetu treni ziliishia Kasese. Hatukuwahi kuvusha mtu.

Sasa mambo yako. Mama yako Edisa alizaliwa Bwera kama mimi, basi una haki ya pasipoti yako mwenyewe, nami nilikuwa nayajua hayo tangu ulipokuja na sikuyashughulikia, nikiona karatasi moja inatutosha. Barua ya mwenyekiti wa kijiji ninayo. Cheti chako cha ubatizo yule mfanyabiashara Philippe amekileta kutoka Butembo. Alikivusha ndani ya gunia la maharage na kuniambia, "Mutoto yako iko hapa, muzee, chunga maharage isimwagike." Kilichobaki ni wewe mwenyewe kuja kupigwa picha. Wakikupa karatasi ya kurudia nyumbani, njoo. Chumba chako Resty amekipaka chokaa.

Sisemi tena kwamba anakusalimu. Ataandika hapa chini mwenyewe.

Tefiro

Benedicte, njoo na zile sare unazoshona, nina mtoto wa jirani anahitaji moja. Na ukiwa na mtoto mwenye degedege, ubavu, shuka mbali, usimtie kitu mdomoni. Sasa unajua. Resty.


Kitwe, Jumapili, 23 Machi 2014

Shikamoo, mjomba,

Nimefika. Bright amekonda, lakini sauti ni ileile, na kitanda tumegombana kama ulivyosema: yeye alitaka dirishani. Kiko dirishani. Resty ameandika kutoka Moshi kwamba masomo ni magumu na chakula ni kizuri. Mguu wako unaendeleaje? Tangu nilipowaacha kituo cha basi Kasese, wewe na fimbo, nawaza ile njia ya kurudi Nyamwamba. Mbao mbili zile zipigiliwe misumari, sasa huna wa kukushika mkono.

Umeniomba habari za treni, na safari hii nimepima. Kati ya chuma na chuma, milimita elfu moja na sitini na saba. Mabehewa kumi na matatu, injini moja. Maafisa walianzia nyuma.

Nakunakilia Jumamosi tarehe 15 Machi.

"Kufika Tunduma: saa kumi na nusu alasiri. Nilimsikia kabla sijamwona, anasalimia chumba cha kwanza, cha pili. Nilikuwa nimeshika pasipoti yangu tangu Mbeya, jalada limelowa. Alipoingia kwetu alianza na wa mlangoni kama kawaida, mimi ni wa tano. Sikutaka anitambue kabla ya zamu yangu, na nadhani alinitambua na akangoja zamu yangu.

"Akapokea kwa mikono miwili. Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Muhuri wa Mutukula. Kisha kurasa tupu zote, mmoja mmoja, hadi wa mwisho penye mwandiko wa mjomba na namba ya Resty. Akarudi kwenye picha, akanitazama.

"'Masika Benedicte.'

"'Ndiyo mimi.'

"'Leo umekuja mwenyewe.'

"Akagonga muhuri. Akaupuliza ukauke, akanirudishia hati. Hapo ndipo alipotazama juu kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo, akasema, 'Humu wameandika fundi cherehani.'

"'Ndiyo, dada.'

"Akanyoosha mkono. Kifungo cha mkono wa sare kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. 'Tangu Jumatano,' akasema.

"Nikatoa sindano. Mwenzangu mmoja akanishikia mkasi. Nilishona mizunguko sita na mafundo mawili, naye alisimama wima, kalamu ameiweka juu ya kiti cha mtu wa sita. Nilipokata uzi alikivuta kifungo kwa nguvu kuona kama kinashika. Kilishika. Akaokota kalamu, akaendelea.

"Kuondoka: saa kumi na mbili na dakika tano. Kuchelewa: miezi saba na siku tano."

Safu ya Sababu nimeiacha tupu, mjomba. Niliitazama hadi Nakonde, na nikaona kwamba kwa treni iliyofika hakuna haja.

Mpwa wako,
Masika Benedicte